Kati ya "Itafanya" na "Hufanya"

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila mwanafunzi aijua methali hii, na wengi wamekwisha kuiandikia insha. Lakini ni wachache waikumbukao wafunguapo gazeti na kusoma habari za mtambo mpya. Hapo sifa hutangulia mbele, na kitu chenyewe hufuata nyuma, pengine kwa mbali, pengine kisifike kamwe. Leo twaambiwa habari za gari lisilohitaji mafuta, kesho za umeme usiokwisha, na kesho kutwa za vyombo vya angani vitakavyoondoa umaskini duniani. Katika insha hii nataka, msomaji wangu, tupime baadhi ya sifa za namna hiyo kwa mambo yaliyotukia karibu nasi, yaani Kisumu na pwani ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Mizani tutakayoitumia haitaki elimu ya juu ya fizikia. Ni sarufi ile ile ufundishwayo darasani.

Tazama vitenzi. Kiambishi "ta" hutumika kwa jambo lijalo. Kiambishi "hu" hutumika kwa jambo la mazoea, litendekalo siku zote. Mtu asemaye, "Mtambo huu utaangaza kijiji," na mtu asemaye, "Mtambo huu huangaza kijiji," wametofautiana kwa silabi moja tu. Hata hivyo, wa kwanza ametoa ahadi, na wa pili ametoa ushahidi. Udhaifu wetu wasomaji ni kuipokea ahadi kana kwamba ni ushahidi, na wenye kuuza mitambo waujua sana udhaifu huo. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Tuanze na maputo. Mnamo Julai 2020 kampuni ya Telkom Kenya, ikishirikiana na kampuni ya Loon ya Marekani, ilianza kuuza huduma ya intaneti kwa njia ya maputo makubwa yaliyoelea kiasi cha kilometa 20 juu ya ardhi, kupita njia za ndege za abiria. Maputo kama 35 yalikusudiwa kuhudumia karibu kilometa 50,000 za mraba katika magharibi na katikati ya Kenya, na jina la Kisumu lilikuwamo katika orodha ya mahali hapo. Yalipata nguvu zake kutoka kwa jua, nayo yalipanda na kushuka yakitafuta upepo wa kuyapeleka yatakako. Ustadi huo haukuwa uongo. Maputo yalielea kweli, na watu waliwasiliana kwayo. Lakini Januari 2021 wenyewe walitangaza kwamba wanaifunga kampuni, kwa sababu hawakuona njia ya kupunguza gharama kiasi cha biashara kudumu. Na mwanzo wa Machi huduma ilikoma nchini Kenya. Tangu Julai hadi Machi si mwaka mzima.

Kosa lilikuwa wapi? Sifa nyingi zilijibu swali moja tu: je, puto laweza kupeleka intaneti kutoka angani? Jibu lilikuwa ndiyo. Swali ambalo halikupata nafasi ya kutosha ni la siku zifuatazo. Puto hukaa angani kwa miezi, kisha halina budi kuteremshwa na jingine kurushwa mahali pake. Nani atalipia hilo la pili, na la kumi, na la mia? Je, mkulima wa kijijini, aliye mbali na mnara wa simu, anayo simu ya kupokea huduma hiyo na fedha za kuinunua kila juma? Mnara wa simu uliosimama kilimani haumshangazi mtu, wala hauandikwi magazetini. Lakini fundi huupanda, huutengeneza, na kesho yake hufanya kazi.

Mtu asidhani kwamba nawadharau watazamao angani. Tarehe 12 Desemba 1970, katika sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina la Uhuru. Setilaiti hiyo haikumwahidi mkulima mvua wala mvuvi samaki. Ilitumwa kutafuta miali ya eksirei itokayo mbali sana angani, nayo ilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka miwili, ikawaachia wataalamu orodha ya mahali 339 pa kuchunguza. Ahadi yake ilikuwa nyembamba, na kazi yake ikaitimiza.

Huenda ukasema kwamba maputo yalikuwa mambo ya kigeni, na kwamba kilichoota katika udongo wetu hakiwezi kutudanganya. Basi twende katika mashamba ya miwa. Bei ya petroli ilipanda sana ulimwenguni mwaka 1973, kisha ikapanda tena mwaka 1979. Kenya ililazimika kuagiza mafuta yake kutoka nje, lakini katika nyanda zilizo mashariki ya Kisumu vilikuwako viwanda vya sukari vya Miwani, Chemelil na Muhoroni. Sukari ikiisha kutolewa hubaki molasi, na molasi ikichachushwa na kukenekwa hutoa spiriti iwezayo kuchanganywa na petroli. Wazo hilo lilikuwa zuri, na kemia yake haikuwa na shaka.

Viwanda viwili vilikusudiwa. Ujenzi wa kiwanda cha Kisumu ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilikusudiwa kutoa spiriti na vitu vingine vingi pia, kama vile hamira. Gharama zilivimba, na mapema katika miaka ya 1980 ujenzi ulisimama. Kwa miaka mingi majengo yalibaki hayana kazi, hata yalipopata wenyeji wengine na kuanza kutoa spiriti katika miaka ya 2000. Kile cha Muhoroni kilimalizika, na tangu mwaka 1983 spiriti yake ilichanganywa na petroli, sehemu moja katika kumi, ikauzwa kwa wenye magari. Mchanganyiko huo uliendelea mpaka mwaka 1993.

Angalia, msomaji: molasi ni ile ile, kemia ni ile ile, na sifa zilizosemwa zilikuwa zile zile. Hata hivyo kiwanda kimoja kilibaki katika "ta", na kingine kiliingia katika "hu" kwa muda wa miaka kumi. Sifa, basi, haziwezi kukutenganishia viwili hivyo. Kinachovitenganisha ni hesabu ya gharama na uangalifu wa wasimamizi. Hata "hu" ya Muhoroni ilikuwa na masharti yake, kwa maana spiriti hushindana na petroli sokoni, na bei ya petroli ikianguka, utamu wa spiriti nao huanguka. Asemaye kwamba jambo hufanyika, na aulizwe pia: hufanyika kwa masharti gani?

Hasara ya kutouliza haiwaangukii wenye kusifu. Kati ya mwaka 2000 na 2010 wakulima wengi wa Kenya walishawishiwa kupanda mbono kaburi, kwa kuwa mbegu zake zatoa mafuta yawezayo kuendesha mashine. Ilisemwa kwamba mti huo utasitawi hata katika ardhi kavu. Mwaka 2009 wachunguzi waliwatembelea wakulima wadogo waliokwisha kuupanda, wakaona kwamba mavuno yalikuwa haba mno, wakashauri upandwe kuwa ua wa boma tu. Aliyeandika sifa aligeukia habari nyingine. Aliyebaki na mti usiozaa ni mkulima, na msimu uliopotea haurudi.

Yuko ndugu wa "ta" ambaye pia yafaa tumwangalie, naye ni kitenzi "weza". Katika mto wa Sondu upo mtambo wa umeme wa Sondu Miriu, ambao uwezo wake ni megawati 60. Hesabu hiyo ni kweli. Lakini ni hesabu ya uwezo, si ya kazi ya kila siku. Mtambo huo hauna bwawa kubwa la kuweka akiba ya maji kwa miezi, bali hutegemea maji yapitayo mtoni. Mvua zikiwa nyingi huzalisha sana. Kiangazi kikizidi huzalisha kidogo. Huo si upungufu wa mafundi, bali ni tabia ya mtambo wa namna hiyo. Mwenye makosa ni yule ashikaye megawati 60 mkononi kama mtu ashikaye fedha taslimu.

Sasa nakuonya juu ya hatari ya upande wa pili. Yuko mtu ambaye, akiisha kudanganywa mara moja, hukataa kila kitu kipya na kujiita mwerevu. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria ilipoanzishwa mwaka 1896, wako wakubwa huko London walioidhihaki na kuiita reli ya wazimu. Desemba 1901 reli ilifika ufukoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Waliocheka nao walikuwa wakisema kwa "ta": haitafika, haitafaa. Dharau pia ni utabiri, na utabiri wahitaji ushahidi kama ahadi. Lakini hata hapa hesabu yataka kukamilishwa. Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni milioni 3, na gharama ikapita milioni 5. Tena katika wafanyakazi walioletwa kutoka India, wapatao 32,000, karibu 2,500 walikufa. Kazi ya chombo yapasa isemwe pamoja na majina ya malipo yake.

Reli hiyo yatufundisha jambo jingine, maana imeishi kukutana na mdogo wake. Reli mpya ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika Suswa, upande wa Naivasha. Ilikuwa imeahidiwa kwamba itaendelea mpaka Kisumu, lakini fedha za kigeni zilizotazamiwa hazikupatikana, na miaka ikapita. Wakati huo njia ya zamani kati ya Nakuru na Kisumu ilitengenezwa, na Desemba 2021 treni ya abiria ikarudi. Meli ya MV Uhuru nayo, iliyojengwa katika miaka ya 1960 ili kubeba mabehewa ziwani, ilifufuliwa mwaka 2019 baada ya kulala gatini kwa miaka mingi, ikapeleka mafuta Uganda. Usiulize, basi, kama kitu kipya ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Uliza kama ni bora kuliko kile cha zamani kilichotengenezwa vizuri.

Ukitaka kumwona mhakiki hodari wa mitambo, nenda Mbita, au Rusinga, au Mfangano, katika usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa waitwao omena wanapokuwa majini na taa zao. Kwa miaka mingi walitumia karabai. Karabai moja yaweza kunywa zaidi ya lita moja ya mafuta ya taa kwa usiku, na nguvu nyingi za mafuta hayo hupotea kuwa joto. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo Mbita ambapo betri za taa zilitiwa nguvu kwa jua, na baadaye taa ndogo zitumiazo umeme kidogo zilipopungua bei, taa za betri zilienea katika ziwa. Mvuvi hakuzikubali kwa kuwa zilisifiwa. Alitazama kama dagaa huzifuata kama wafuatavyo karabai, kama taa hudumu mpaka alfajiri, kama hustahimili maji ya mawimbi, na kama fedha alipazo ni chini ya bei ya mafuta. Wala hesabu yake haijaisha, kwa maana betri huchoka baada ya muda, na betri iliyokufa ikitupwa ziwani ni sumu. Mtu huyu hakusoma vitabu vya uhakiki, lakini huuliza maswali ya mhakiki, kwa sababu akikosea yeye ndiye atakayelala njaa.

Nawe ukae katika nafasi yake. Chukua gazeti, tafuta habari ya mtambo wowote unaosifiwa, wa umeme, wa safari au wa angani, kisha pigia mstari kila kitenzi. Hesabu "ta" ni ngapi, "weza" ni ngapi, na "hu" ni ngapi. Penye "ta", uliza nani ameahidi, na atapoteza nini asipotimiza. Penye "weza", uliza ni kwa siku ngapi katika mwaka. Penye "hu", uliza ni wapi, kwa masharti gani, na nani hutengeneza kikiharibika. Usiudhike ukikuta kwamba habari nzima haina hata "hu" moja. Kila kazi njema ilianza kwa ahadi, na ahadi si dhambi. Lakini wahenga walituambia kwamba ahadi ni deni. Mitambo mingi hununuliwa kwa mikopo, na mkopo hulipwa hata kama mtambo haukuzunguka siku moja. Miaka michache ijayo wewe ndiye utakayekuwa mlipaji, na yafaa ujue mapema ni kitu gani ulichonunuliwa.