Sifa za Kugonga Bila Kuvunja

Mnunuzi wa chungu sokoni Kihesa, Iringa, hukigonga kwa kidole kabla hajatoa hela. Havunji kitu, anasikiliza mlio, na kwa mlio anajua kama kina ufa. Ufundi ninaousifu leo hufanya hivyo kwa protoni. Protoni mbili hukutana kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kisha kila moja huondoka nzima, njia yake ikiwa imepinda kidogo mno. Wanafizikia huita tukio hilo mtawanyiko nyumbufu. Kwa pembe za kupinda huko tu, muunda modeli hutambua ukubwa na umbo la kitu kisichoonekana kwa darubini yoyote.

Kuzipima pembe hizo nako kunataka mkono mtulivu. Huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kundi la TOTEM liliweka vipimio vya silikoni mita 220 hivi kutoka mahali pa mgongano, vikasogezwa hadi milimita chache tu kutoka kwenye mkondo wa protoni. Idadi ya protoni kwa kila pembe ikichorwa kwenye grafu, mstari hushuka kwa ukali, hutumbukia bondeni, hupanda kilima kifupi, kisha huteremka tena.

Bondeni ndipo fundi hujulikana. Modeli huuchukulia mtawanyiko kama mawimbi na kuyajumlisha, na pale mawimbi makubwa yanapofutana, hubaki mchango mdogo ambao kwingine usingeonekana. Ukiusahau, grafu inakuumbua.

Mwaka 1973, Leszek Łukaszuk na Basarab Nicolescu walitoa wazo kwamba hata nishati ikiwa kubwa sana, protoni na antiprotoni, pacha wake mwenye chaji hasi, zinaweza kutawanyika tofauti. Kinachozitofautisha kiliitwa oderoni. Leo kinaelezwa kuwa ni gluoni, chembe za kani inayoshikilia protoni, tatu au zaidi, kwa idadi witiri, zinazopita kwa pamoja. Vipimo vya CERN vilivyotolewa mwaka 1985 vilionyesha tofauti hiyo bondeni, lakini kwa nishati ile ndogo zilikuwapo sababu nyingine za kuieleza. Ikabidi kungoja.

Baadaye kundi la DØ likapima antiprotoni zikikutana na protoni huko Fermilab, karibu na Chicago, kwa nishati ya TeV 1.96. TOTEM wakapima protoni kwa TeV 2.76, 7, 8 na 13. Nishati hazikulingana, na mashine ya Fermilab ilizimwa mwaka 2011. Basi wakachagua nukta nane za bonde na kilima, wakafuata kila moja inavyohama kadiri nishati inavyobadilika, wakaishusha hadi TeV 1.96. Protoni zikawa na bonde na kilima. Antiprotoni, uwanda tambarare. Mwaka 2021 makundi hayo mawili yalichapisha matokeo hayo kwa pamoja, kama ushahidi wa oderoni.

Iringa inaujua moyo huo wa kupima kwanza. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya Mkwawa, Iringa, alipomuuliza mgeni wao, mwanafizikia Denis Osborne wa Dar es Salaam, kwa nini maji ya moto huweza kuganda upesi kuliko ya baridi. Wenzake walimcheka. Osborne alikwenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja.

Kutodharau tofauti ndogo mpaka ipimwe: hiyo ndiyo adabu ya ufundi huu. Takwimu za TOTEM zimewekwa wazi kwa yeyote. Kijana wa Kihesa mwenye kompyuta na hesabu za kidato cha sita anaweza kujumlisha mawimbi mawili na kuona kama yanapita kwenye nukta za vipimo vyao. Walimu wetu wa fizikia wampe kazi hiyo.