Nguva si nimfi: Wangechi Mutu na uzito wa jina

Hebu muulize kijana wa Buruburu au Kayole nguva ni nini. Atakwambia, "Si ni yule mwanamke nusu samaki wa katuni?" Hajakosea, ila kataja nusu. Nguva kwanza ni mnyama wa baharini, hunyonyesha na kula nyasi za bahari. Wanasayansi waliliita kundi lake Sirenia, kwa jina la viumbe wa visasili vya Kigiriki walioimba kuwapoteza mabaharia.

Ndiyo maana naisifu kazi ya Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Maonyesho yake ya London mwaka 2014 aliyaita Nguva na Nyoka, bila kutafsiri. Nimfi aliowachora Mwingereza John William Waterhouse mwaka 1896 wanafanana sura, warembo wa kutazamwa. Viumbe wa Mutu wameungwa kwa vipande vilivyokatwa magazetini. Wanavutia na kutisha kwa pamoja. Mhakiki akiwaita nimfi, basi ameifuta bahari yetu.

Nguva wa Kenya wamebaki wachache mno. Tusiwaue mara ya pili kwa kulisahau jina lao.