Robo ya Nini? Istilahi za Sehemu katika Mafumbo ya Chakula

Katika shule zetu za msingi hapana mada ya hisabati inayoegemea jikoni kama mada ya sehemu. Chapati hukatwa, machungwa hugawiwa, unga hupimwa, kisha mwanafunzi huulizwa kilichobaki. Mafumbo ya namna hii, yaani maswali ya hesabu yanayoelezwa kwa maneno, yana nia njema, kwani humtoa mtoto katika tarakimu kavu na kumrudisha katika mambo anayoyaona kila siku. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960, walimu na wafasiri wametunga mafumbo mengi ya aina hiyo. Katika makala haya hatukusudii kuzisahihisha hesabu zake. Tunakusudia kuitazama lugha yake, kwa sababu tunaamini kwamba baadhi ya makosa yanayohesabiwa kuwa ya hisabati huanzia katika sentensi.

Tuchukue mfano tuliouunda wenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka:

"Mama ana kilo 3 za unga. Alitumia 2/3. Je, kilichobaki ni kiasi gani?"

Mwanafunzi mmoja atasema kwamba mama alitumia theluthi mbili za unga wote, yaani kilo 2, na iliyobaki ni kilo 1. Mwingine atasema kwamba alitumia theluthi mbili za kilo, na kwa hiyo zimebaki kilo 2 na theluthi moja. Hesabu zote mbili ni sahihi. Mwalimu atakayempa mmoja alama na kumnyima mwenziwe atakuwa amemwadhibu mtoto kwa kosa la mtungaji. Sehemu haina thamani mpaka ijulikane ni sehemu ya nini, na mtungaji wa fumbo hili hakusema.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Dukani mtu husema "nipe robo ya sukari" na hakuna anayepotea, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wote wanajua kwamba inayokusudiwa ni robo ya kilo. Kwa matumizi hayo, robo imekwisha kuwa jina la kipimo, gramu 250 kamili, na mtoto anayetumwa dukani huijua hivyo kabla hajaijua kuwa sehemu moja kati ya nne zilizo sawa. Afikapo darasani akaambiwa "robo ya sukari iliyomo mfukoni", ana haki ya kushangaa iwapo mfuko una kilo 8 na jibu likawa kilo 2. Fumbo la chakula lina nguvu kwa kuwa linaazima lugha ya soko, na kwa sababu hiyohiyo linaweza kupotosha. Mtungaji hana budi kukitaja kitu kizima waziwazi, hata pale muuza duka asipokuwa na haja ya kukitaja.

Vipimo vyetu vya asili vinaweza kulifafanua jambo hili vizuri kuliko keki na pitsa ambazo baadhi ya mafumbo yaliyofasiriwa huendelea kuzikata. Pishi moja ni vibaba vinne, na kisaga ni vibaba viwili. Basi kibaba kilekile cha mtama ni robo ya pishi na papo hapo ni nusu ya kisaga. Nafaka haikuongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni kizima tunachokilinganisha nayo. Wale wanaopima zaka ya fitiri kwa pishi bado wanaijua hesabu hii, na mwalimu anaweza kuanzia hapo.

Sasa tuziangalie istilahi zenyewe. Katika vitabu vya hisabati tarakimu ya juu ya sehemu huitwa kiasi, na ya chini huitwa asili. Istilahi ya asili tunaisifu: inaeleza kwamba vipande vimetokana na kitu kilichogawanywa mara kadhaa. Lakini kiasi ni neno lenye kazi nyingi mno. Fumbo linapouliza "kilichobaki ni kiasi gani", mwanafunzi aliyefundishwa jana kwamba kiasi ni tarakimu ya juu anaweza kuandika tarakimu ya juu peke yake. Hatupendekezi kuifuta istilahi iliyokwisha kuenea, kwani kubadilisha istilahi kila mara huwachosha walimu kuliko istilahi yenye dosari. Tunapendekeza mtungaji aliepuke neno hilo katika swali. Kiswahili kina "-ngapi" na kina "sehemu gani ya". "Zimebaki kilo ngapi?" ni swali moja, "Imebaki sehemu gani ya unga wote?" ni swali jingine. Kila moja lina jibu lake, na hakuna anayeweza kulichanganya na jingine.

Istilahi ya pili inayotutia shaka ni sehemu guni, yaani ile ambayo kiasi chake ni kikubwa kuliko asili, kama 5/4. Wasomi wa ushairi wanajua kwamba guni ni shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Je, 5/4 ina kasoro gani? Mnunuzi aombaye "kilo na robo" ya nyama hajatamka jambo lenye upungufu. Mwanafunzi anayelisikia jina hilo huenda akadhani kwamba jibu la namna hiyo ni kosa, akalifuta. Mwalimu hana budi kueleza kwamba robo tano za kilo na kilo moja na robo ni uzito mmoja ulioandikwa kwa njia mbili.

Kuhusu usomaji wa sehemu, tumesikia namna tatu kwa 3/5: "tatu juu ya tano", "tatu kwa tano", na "sehemu tatu za tano". Namna ya kwanza inaeleza jinsi tarakimu zilivyokaa katika karatasi, wala haisemi lolote kuhusu chakula. Namna ya pili ni ya hatari zaidi, kwa kuwa ndiyo lugha ya uwiano. Anayechanganya mahindi na maharage ya kande kwa uwiano wa tatu kwa moja hupima vibaba vitatu vya mahindi na kibaba kimoja cha maharage. Maharage hayo ni theluthi ya mahindi, lakini ni robo ya mchanganyiko mzima. Mtoto aliyezoea kusoma 3/5 kama "tatu kwa tano" ataziona sehemu na uwiano kuwa kitu kimoja, na kosa hilo atalichukua hadi shule ya sekondari, ambako atakutana nalo tena katika lugha nyingine.

Namna ya tatu inafuata njia ambayo lugha yetu imekwisha kuifungua. Tunasema "robo tatu" na "theluthi mbili" kama tusemavyo "vikombe vitatu": kwanza aina ya kipande, kisha idadi yake. Kwa msingi huo kujumlisha huwa rahisi, kwani robo moja na robo mbili ni robo tatu, na hakuna atakayejumlisha asili. Vilevile kiunganishi "ya" hubeba kuzidisha: nusu ya robo ni thumuni.

Hata hivyo thumuni yenyewe inahitaji tahadhari. Kwa watu wazima wengi wa Tanzania na Kenya, thumuni ni jina la sarafu ya senti 50, yaani nusu ya shilingi, jina lililorithiwa kutoka katika hesabu ya fedha za zamani. Dukani nako, ahitajiye gramu 125 za sukari, ambazo ni thumuni ya kilo, huomba "nusu robo". Kwa upande mwingine, katika mirathi ya Kiislamu neno hilo linaishi kwa maana yake kamili: mjane hupata thumuni mume akiwa ameacha watoto, na robo asipoacha. Tunaona inafaa mwalimu aanze na "nusu robo" inayojulikana, ndipo amfikishe mwanafunzi kwenye thumuni.

Mwisho, chakula chenyewe kichaguliwe kwa busara. Fumbo lisemalo kwamba Juma alikula 2/7 za ugali halina mahali nyumbani kwetu, kwa kuwa ugali huliwa kwa matonge kutoka sahani moja na hakuna aupimaye. Fungu la nyanya nalo halilingani na fungu jingine. Lakini unga, mafuta ya kula, mkate na maziwa hupimwa au hukatwa sawasawa. Nazi ikipasuliwa katikati, kila upande huitwa kizio, na hapo nusu ina jina lake tayari.

Tunatoa basi mapendekezo manne kwa watungaji, wafasiri na wakaguzi wa vitabu. Kwanza, kila sehemu itajwe pamoja na kizima chake. Pili, swali litumie "-ngapi" panapotakiwa kipimo, na "sehemu gani ya" panapotakiwa sehemu. Tatu, "kwa" iachiwe uwiano. Nne, fumbo lisomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyejua jibu kabla halijapigwa chapa. Akiuliza "ya nini?", lirudishwe kwa mtungaji. Neno fumbo lina maana ya kitu kilichofichwa. Katika hisabati kinachofaa kufichwa ni jibu peke yake.