Mioyo kupiga pamoja: utafiti mzuri, tafsiri mbovu

Hebu msomaji anza hivi: hesabu unapumua mara ngapi kwa dakika moja. Ukiwa umetulia, pengine utapata kati ya 12 na 20. Sasa shusha hadi 6: sekunde tano unavuta, sekunde tano unatoa. Umeona? Kitu kinabadilika kweli. Ugomvi wangu ni juu ya yale yanayoongezwa baada ya hapo.

(Kamusi zinatupa neno tahajudi, lakini hapa Unguja ukisema tahajudi watu wanaelewa sala ya usiku. Nabaki na meditesheni.)

Rafiki alinikaribisha kwenye kikundi kinachokutana ghorofa ya juu ya nyumba moja Shangani. Mtindo ni wa Kibudha: mnakaa kimya, mnafuata pumzi, wazo likitoroka unalirudisha. Nilipenda, sitaki kusema uongo. Tulipomaliza, mwongozaji akatwambia sayansi imethibitisha kuwa watu wakikaa pamoja mioyo yao hupiga pamoja, na presha hushuka. Mama mmoja wa mkeka wa pili akaniinamia: "Mwanangu, sasa hivi vidonge si niache?"

Basi nikarudi kuzisoma tafiti zenyewe.

Inayotajwa sana ni ya Luciano Bernardi na wenzake, jarida la BMJ, 2001. Watu wazima 23 walisoma rozari kwa Kilatini, na pia mantra ya "om mani padme om". Zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu mara 6 kwa dakika. Kwa nini 6? Presha ya damu yenyewe hupanda na kushuka kidogo kila baada ya kama sekunde kumi. Pumzi ikienda kwa mwendo huohuo ni sawa na kusukuma bembea kwa wakati wake: vipimo vya presha vilivyomo kwenye mishipa ya shingo na kifua vinaitikia vizuri zaidi. Kazi safi, naipenda. Ila watu wale 23 walikuwa wazima. Kilichopimwa ni kinachotokea wakati wa kusoma. Hakuna mgonjwa wa presha aliyefuatiliwa miezi sita, wala halikuwa swali lao kama kukaa wengi kunaongeza chochote.

Mioyo kupiga pamoja je? Ipo. Björn Vickhoff na wenzake, Sweden, 2013, walipima wanakwaya: mapigo yalipanda na kushuka pamoja kwa sababu wimbo unawalazimisha kuvuta pumzi pamoja. Hakuna muujiza hapo. Kwenye kikundi chetu kila mtu anafuata pumzi yake, kwa hiyo hoja hiyo haituhusu hata! Kilichonishangaza zaidi ni utafiti wa 2011 kule San Pedro Manrique, Uhispania, kwenye sherehe ya kutembea juu ya makaa ya moto. Mapigo ya watembeaji yalifuatana na ya jamaa na marafiki waliokuwa wakitazama, lakini si ya wageni. Yaani ujamaa ndio uliofanya kazi, si kukaa karibu.

Najua ushaifikiria zikri. Na mimi pia. Kadiria ilienea hapa mwishoni mwa karne ya 19, Sheikh Uways wa Barawa akiwa miongoni mwa walioieneza, na watu wamekuwa wakipumua pamoja muda mrefu kabla ya darasa la Shangani. Lakini zikri ya kukohoa huenda kwa kasi na nguvu, hivyo ile hesabu ya 6 huwezi kuihamisha tu. Halafu zikri ni ibada. Anayeiendea hakufuata presha.

Mwaka 2014 Madhav Goyal na wenzake walikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Meditesheni ilisaidia kiasi kwenye wasiwasi, huzuni na maumivu. Ushahidi kwamba inazishinda dawa au mazoezi ya mwili haukuonekana. Mwongozaji angesema hivyo tu, ningempigia makofi.

Yule mama nilimwambia asiache kitu bila daktari wake. Jumamosi iliyofuata nilimkuta keshafika, mkeka keshatandika. Vidonge anameza bado, asubuhi baada ya chai. Kinachomrudisha pale, kaniambia, ni kwamba nyumbani hapati dakika ishirini bila mtu kumwita.