Kipima sumaku hakijui nguvu ya sumaku yako

Ukiwa na kipima sumaku cha mkononi, vile vyenye kioo kidogo na kijiti chembamba, ni rahisi sana kujiona hakimu. Unagusisha kijiti kwenye sumaku, namba inatokea, kesi imekwisha. Mimi namba hiyo niliitumia kumwambia muuza vifaa vya spika, mbele ya wateja wake, kwamba sumaku zake ni feki. Boksi limeandikwa gausi 13,000, kipimo kinasoma 3,700. Mzee wa watu hakubishana, akanirudishia hela.

Sumaku zilikuwa nzima kabisa. Kipimo nacho kilikuwa kizima.

Tuanze na kijiti chenyewe. Kwenye ncha yake kuna chipu inayotumia jambo aliloligundua Edwin Hall mwaka 1879: ukipitisha mkondo wa umeme kwenye kibamba chembamba kilicho ndani ya uga wa sumaku, volti ndogo hujitokeza kati ya kingo zake mbili. Chombo kinapima volti hiyo na kukuandikia gausi, au tesla, ambayo ni gausi 10,000. Kwa hiyo kinachojua ni uga uliopo pale chipu ilipokaa, basi. Sumaku ni kubwa au ndogo, iko karibu au mbali, hayo hakiyajui.

Zile 13,000 za kwenye boksi ni sifa ya mali iliyotengenezea sumaku, yaani neodimiamu ya daraja la N42, si kitu utakachokikuta juu ya uso wake. Nilipokaa na kikokotoo, kwa kidonge chenye upana wa milimita 10 na unene wa milimita 5, nilipata kama gausi 4,600 katikati ya uso. Sasa chipu imefunikwa na plastiki. Sogea milimita 1 tu, unabaki na 3,700. Milimita 5, unapata 1,200. Milimita 10, ni 350 hivi! Hapo bado hujainamisha mkono: chipu ikilala nyuzi 60 kutoka kwenye mwelekeo wa uga, inasoma nusu.

Ndiyo maana nina ugomvi na vijitabu vinavyokuja na vyombo hivi. Kukuambia usahihi wa asilimia ngapi wanaweza, lakini chipu iko milimita ngapi ndani ya ncha? Mara nyingi hawasemi. Na sisi wa maabara tuna letu: tunamwachia mwanafunzi aandike "nguvu ya sumaku = gausi kadhaa", hajataja umbali wala pembe, na tunaweka tiki.

Halafu hiyo "nguvu" yenyewe ni ipi? Chukua kidonge kile cha neodimiamu na sumaku kubwa nyeusi ya feraiti kutoka kwenye spika mbovu. Usoni, kidonge kinashinda kwa mbali. Rudi nyuma sentimita kadhaa, ile ya feraiti inaongoza. Na kama unachotaka kujua ni sumaku itabeba kilo ngapi, achana na gausi, ifunge kwenye mizani ya springi uivute mpaka ibanduke kwenye bati nene.

Sisemi ukitupe chombo. Kwa kutambua ncha ya kaskazini na ya kusini ni kizuri mno. Kwa kulinganisha sumaku mbili za umbo moja pia, ilimradi umbali usibadilike; mimi naweka kipande cha mbao kati. Neodimiamu ya kawaida ikipashwa zaidi ya nyuzi 80 za Selsiasi huanza kupoteza usumaku, na hapo ukipima kabla na baada utaona wazi.

Dukani nilirudi, nikaomba radhi mbele ya wateja wengine, maana wale wa siku ile sikuwaona tena. Mzee akataka nimweleze milimita moja inawezaje kula gausi 900. Tulichora juu ya boksi tupu mpaka akafunga duka.