Ukimya Hutengenezwa: Sifa ya Pawasaplai ya Santuri

Sindano inayotambaa kwenye mfereji wa santuri huzalisha umeme mdogo mno. Katriji ya sumaku ya kawaida hutoa takriban milivolti 5, na ile ya koili mara nyingi haifiki hata nusu milivolti. Betri moja ya saa ya ukutani, yenye volti 1.5, inazidi milivolti 5 hizo mara 300. Ndipo fundi anayejitengenezea amplifaya ya awali nyumbani anapokabiliwa na jambo gumu: ili umeme huo wa sindano ukuzwe hadi usikike kwenye spika, sharti umeme wa ukutani wenye volti 230 uletwe karibu nao, ushushwe, unyooshwe na kutulizwa. Wengi humsifu mtu kwa saketi ya kukuzia sauti na kuiona pawasaplai kama kazi ya kibarua tu. Mimi nashikilia kinyume chake. Pawasaplai tulivu ndiyo kazi yenye akili zaidi katika chombo kizima, na utulivu wake hautokani na vipuri vya bei ghali bali na kujua kila mkondo wa umeme unapita wapi unaporudi ulikotoka.

Tuanze na sababu inayoufanya muungurumo wa umeme uwe adui mkubwa hapa kuliko katika redio au kinasa sauti. Besi ingechongwa kwenye santuri kwa nguvu yake halisi, mfereji ungepanuka na sahani ingebeba muziki wa dakika chache. Kwa hiyo wachongaji hupunguza besi na kuongeza sauti nyembamba, na amplifaya hupaswa kufanya kinyume chake wakati wa kucheza. Kipimo cha kazi hiyo, kinachoitwa RIAA, kilikubaliwa Marekani mwaka 1954 na baadaye kikawa cha dunia nzima. Kwa kipimo hicho, sauti ya hezi 50 hukuzwa takriban mara 7 zaidi ya sauti ya hezi 1,000, na ile ya hezi 100 takriban mara 4.5 zaidi. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, nao ukishanyooshwa kwa diodi nne huacha viwimbi vya hezi 100. Yaani pale ambapo umeme wa ukutani huvuma ndipo hasa amplifaya ya santuri ilipotegeshwa isikilize kwa makini kuliko kwingine. Hapo ndipo pia gitaa la besi hukaa: noti ya G ya chini ni hezi 49, na ya juu yake ni hezi 98. Mpenzi wa muziki wa dansi anayecheza santuri za zamani kwenye chombo kinachovuma anasikia besi mbili, moja ya mpigaji na moja ya transfoma, zikigombana kwa tofauti ya hezi moja au mbili.

Tukitaka muungurumo uwe mdogo kuliko muziki mara 3,000, hesabu inatuambia kwamba umeme wowote wa hezi 100 unaojipenyeza kwenye mlango wa kuingilia usizidi theluthi moja hivi ya mikrovolti. Anayesikia hivyo hukimbilia kapasita kubwa. Lakini hebu tufuate hesabu yenyewe. Saketi inayokula miliampea 50, ikilishwa na kapasita ya mikrofaradi 2,200, huwa na viwimbi vya kama robo volti. Mbele yake tuweke regyuleta ya kawaida kama LM317, ya bei nafuu, yenye kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye mguu wake wa kurekebishia: viwimbi hupungua takriban mara 10,000, vikabaki mikrovolti 20 na ushee. Chipu nzuri ya sauti nayo, katika masafa haya ya chini, hupuuza mitikisiko ya umeme wake wa kuilisha kwa kiwango cha mara 100,000 hivi. Kinachobaki ni kidogo mno hata hakifai kuzungumzwa. Kuongeza kapasita ya pili, ya tatu na ya nne ni kulipia tatizo lililokwisha.

Sasa tutazame mahali ambapo watu hawatazami. Kapasita hiyo haijazwi kwa mkondo wa taratibu. Diodi hufunguka kwa muda mfupi tu, wimbi la umeme linapofika karibu na kilele chake, na kila kilichotumika katikati hurudishwa kwa pigo moja. Saketi inayokula miliampea 50 kwa wastani huweza kuwa na mapigo yanayofika nusu ampea, mara 100 kila sekunde. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.5 ya mraba na urefu wa sentimita 30 una ukinzani wa kama miliomu 10. Pitisha nusu ampea humo: ncha moja ya waya itapishana na nyingine kwa milivolti 5, sawasawa na kile ambacho katriji yenyewe hutoa! Fundi akiunganisha ethi ya mlango wa sindano kwenye ncha isiyofaa ya waya huo, amejiwekea muungurumo unaozidi kiwango tulichokubaliana maelfu ya mara, na hakuna kapasita duniani itakayomwokoa, kwa kuwa hitilafu imo kwenye njia yenyewe wala si kwenye volti. Mhandisi Mwingereza Douglas Self amelisisitiza hili katika vitabu vyake: waya unaounganisha kapasita za akiba, zile zinazojazwa kwa mapigo, haufai kuwa ethi ya ishara; ethi ya ishara ichukuliwe kwa tawi linalotoka hapo, ambalo mapigo hayapiti. Waya ni uleule na bei ni ileile, ila umehamishwa sentimita chache. Nauona huo kuwa ufundi wa hali ya juu, kwa sababu mkono hufanya kidogo na akili hufanya mengi.

Transfoma nayo ina lake. Sumaku inayovuja kutoka kwenye chuma chake hupita hewani na kuingia kwenye waya na koili za katriji bila kubisha hodi. Transfoma ya mviringo, iliyosukwa kama kata ya kubebea mtungi, huvujisha kidogo kuliko ile ya mraba, lakini dawa bora ni umbali. Iwekwe kwenye kisanduku chake peke yake, mbali na mashine ya santuri, na umeme ulionyooshwa uletwe kwa kebo. Kisha kuna kushuka kwa umeme wakati wa jioni, jambo ambalo michoro mingi ya Ulaya haikulifikiria. Tuseme tunataka volti 15 baada ya regyuleta. Transfoma ya volti 15 hutoa, baada ya diodi, karibu volti 20. Umeme wa ukutani ukishuka kwa asilimia 20 zinabaki kama 15.6, nayo regyuleta inahitaji nafasi ya volti 2 hivi juu ya kile inachotoa. Hapo inaacha kufanya kazi, na viwimbi vyote vinapita kama vilivyo. Transfoma ya volti 18, katika hali hiyohiyo, hubakiza takriban volti 19. Joto litaongezeka kidogo, hadi karibu nusu wati katika siku ya kawaida, na kipande cha bati la alumini kitalibeba.

Kuna atakayeuliza: kwa nini kuhangaika kote huku wakati betri ipo? Swali lina haki yake. Betri haina mapigo ya hezi 100 wala sumaku inayovuja, na kwa katriji ya koili ni jibu ambalo siwezi kulidharau. Lakini betri ya volti 9 ina akiba ya kama miliampea-saa 500. Saketi ya miliampea 10 itaimaliza kwa saa 50, huku volti ikishuka pole pole na nafasi ya muziki wenye nguvu ikipungua. Tena betri haiondoi mzunguko wa ethi kati ya vyombo viwili, wala sumaku ya amplifaya kubwa iliyo jirani. Mwingine atasema chaja ya simu inatosha. Hiyo hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na ile subira ya chipu niliyoitaja, ya mara 100,000, hupungua kadiri masafa yanavyopanda. Chaja nyingi za miguu miwili pia huunganisha upande wa ukutani na upande wa chini kwa kapasita ndogo, na kupitia hiyo umeme wa ukutani hupenya hadi kwenye waya wa katriji.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba santuri yenyewe ina kelele, hivyo ukimya huu wote unazikwa na mikwaruzo. Sikubali, na sababu ni ya masikio. Mikwaruzo huja na kuondoka, haina noti, na sikio hujifunza kuipita. Muungurumo una noti moja isiyokoma. Unakuwepo kabla ya sindano kushuka, unakuwepo kati ya wimbo na wimbo, na kila sauti laini ya udi au qanun katika rekodi ya taarabu inasimama juu yake.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba kosa lake hujitaja. Fundi hufunga mlango wa sindano kwa kipande kifupi cha waya, anapandisha sauti na kusikiliza. Akisikia mvumo mzito, laini, wa hezi 50, transfoma iko karibu mno au ethi za vyombo viwili zimefanya mzunguko. Azungushe transfoma kidogo, na mvumo ukibadilika amekwishajua ni sumaku. Akisikia mlio mkali zaidi, wenye ncha, wa hezi 100 pamoja na vizidishi vyake, mapigo ya kapasita yamepata njia ndani ya ethi ya ishara. Afungue kisanduku, aufuate waya kwa kidole kutoka kwenye diodi hadi unaporudi, na aulehemu upya mahali panapostahili.