Pongezi kwa Makumbusho ya Meru

Mtu atokaye Githongo, akaziacha nyuma konde za chai na kushuka hadi mjini Meru, aghalabu huipita bila kuitazama nyumba iliyo kongwe kuliko zote za mawe mjini humo, ambayo zama za Waingereza ilikuwa afisi ya Mkuu wa Wilaya, na tangu mwaka 1974 ni Makumbusho. Haina nguzo za Kiyunani wala simba wa mawe kama Maktaba ya McMillan kule Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931. Lakini ukuta wake una haiba ya kazi iliyofanywa kwa saburi, na waashi walioujenga, ambao majina yao hayatajwi, wastahiki taadhima yetu.

Nami nastahabu zaidi ua wake, ambamo limesimamishwa boma la Kimeru la miti, udongo na paa la nyasi, pamoja na bustani ya mitishamba, hata mwanafunzi aweza kulilinganisha jiwe la mtawala na udongo wa babu zake akiwa amesimama pale pale. Heko wahifadhi, walioona kwamba nyumba iliyotoa amri kwa Wameru ndiyo ifaayo kutunza vyombo vyao!